Ambulensi ya Viti

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Mama mmoja wa Kisauni kanipigia akanitukana mimi, kana kwamba ndimi niliyeubandika mgongo wa Gladys Kafedha kwenye ule mlango. Mama, tulia. Mgongo ni wake na mlango ni wa Najib, na tuliwaacha papo hapo: uwanja wa Mtongwe, alasiri, kipindi cha pili. Kasa FC waongoza bao moja kwa nunge. Na nyuma ya goli, juu ya leso iliyotandikwa mchangani, Vivian mke wa Fidel ameshika tumbo, damu yamteremka miguuni.

"Fungua ambulensi," watu wakasema.

Gladys hakufungua.

Uliyekosa gazeti la wiki jana usipate taabu. Gladys ni meneja wa Kasa. Fidel Tinga, mfungaji wao, ni mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo Vivian ni wifi yake. Na ambulensi ni ya kanuni. Shirikisho limesema timu ya nyumbani lazima iwe na ambulensi uwanjani muda wote mpira unapochezwa. Ikitoka, refa anasimamisha mechi. Isiporudi, ushindi wapewa wageni. Na wageni siku hiyo walikuwa Kreni FC wa Changamwe, ambao wangepanda Ligi ya Taifa bila hata kufunga bao, na Kasa wangebaki kula vumbi la ligi ya mkoa mwaka mwingine.

Hiyo ndiyo sababu watu waliyoijua. Ya pili aliijua Gladys, akaijua Najib dereva, na unaijua wewe. Ndani ya ambulensi ile hamkuwa na kitanda, wala oksijeni, wala hata bandeji. Mlikuwa na viti vya plastiki. Najib aliinunua ilipochoka kubeba wagonjwa, akaifanya gari la shughuli: leo harusi, kesho matanga, siku ya mechi mpira. Kamishna wa mechi huitazama kwa mbali, akiona taa ya buluu juu ya paa basi ameridhika. Tangu ligi ianze hakuna aliyeomba kufunguliwa mlango. Na msiwacheke watu wa Mtongwe peke yao, kwa maana viwanja vya ng'ambo ya feri navyo vina mambo yake.

Haya, twende.

Aliyepiga magoti kando ya Vivian alikuwa Bi Suad, mkunga mstaafu, aliyewapokea duniani nusu ya wachezaji waliokuwa wakikimbia pale uwanjani.

"Gladys," alisema bila kuinua kichwa, "huyu hazai hapa. Ataka daktari, na amtaka sasa. Nifungulie mlango."

"Tuktuk iko pale, Bi Suad."

"Kwenye tuktuk atalala wapi? Barabara hii waijua ilivyo mashimo."

"Ambulensi ni ya wachezaji. Ndivyo kanuni isemavyo."

"Na hiyo kanuni ilizalishwa na nani? Mimi sikuizalisha."

Watu waliguna. Kijana mmoja mwenye jezi ya Kasa akasema jamani huyu ni mke wa Fidel, gari litoke. Jirani yake akamkanyaga mguu akamwambia anyamaze, Fidel asije akasikia. Usidhani basi kwamba moyo wa jiwe ulikuwa wa Gladys peke yake. Wengi walimhurumia Vivian kwa mdomo, na macho yao yalikuwa kwenye mpira.

Bi Suad ndiye pekee aliyemtazama Gladys usoni. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Waficha nini kwenye mlango huo?"

Na hapa ndipo mimi humkasirikia Gladys kuliko mahali pengine popote. Angesema tu. Angesema ndani hamna kitanda, tafuteni gari jingine upesi, na watu wa Mtongwe wana magari, wangelipata. Lakini alivifikiria vile viti vitakavyoonekana, na mechi zote za nyumbani walizocheza Kasa mbele ya viti vile, zote zikifutwa. Alimfikiria baba yake, marehemu Masha, aliyeianzisha timu kwa mipira ya matambara na akafa akichekwa. Akawafikiria wanaume wa mkoani waliomwita meneja wa kupika chai. Akaubana mgongo wake mlangoni zaidi.

Kisha akainama, akamshika Vivian shavu.

"Wifi," alisema kwa upole kabisa.

"Niitie Fidel, wifi. Naogopa."

"Nitamwita. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usipige kelele. Akikusikia atatoka uwanjani, na akitoka leo tumekwisha sote. Uma leso."

Vivian alimtazama. Uchungu ukaja, mwili mzima ukamkakamaa, na badala ya kulia akautia mdomoni upindo wa leso, akauma. Gladys mwenyewe alishangaa alivyomtii.

Walimwinua watu wanne, wakamkunja ndani ya tuktuk, kichwa mapajani mwa Bi Suad na miguu nje. Kandambili yake moja, ya buluu, yenye ua la plastiki, ikadondoka karibu na gurudumu la ambulensi. Hakuna aliyeiokota.

"Nitarudi," Bi Suad alimwambia Gladys, "na nitakukuta hapa hapa."

Tuktuk ikaondoka na vumbi lake. Najib alitoa kichwa dirishani. Alikuwa ametota jasho.

"Dada, nimeogopa haki ya Mungu. Tungewaambia tu."

"Ukifungua huo mdomo, Najib, Likoni nzima hutakodisha kiti tena. Kaa kwenye usukani wako."

Mpira ulitoka upande wao. Fidel akaja mbio kuurusha, jezi imemganda mgongoni. Kijana mrefu, mcheshi, mabao yake ndiyo yaliyoifikisha Kasa pale, na kila mtu alijua kwamba tuzo ya Mfungaji Bora ya Shirikisho iko mezani kwa kamishna ikimngoja yeye.

"Dada, nani aliyekuwa na shida pale? Nimeona watu wamejaa."

Gladys hakuchelewa hata kidogo. "Mwanamke wa Changamwe, wa mashabiki wao. Uchungu umemshika. Wamempeleka."

"Maskini. Mungu amsaidie."

Akarusha mpira, akarudi kati. Ndugu msomaji, Fidel alimwombea mke wake pale pale mstarini na hakujua ni nani anayemwombea. Na Gladys aliitikia amina.

Haikupita muda, kona. Kasa ndio waliopiga. Fidel akaruka, na beki wa Kreni akaruka, na vichwa vyao vikagongana kwa mlio uliosikika mpaka kwa wauza mihogo nje ya ukuta. Beki alianguka akaamka. Fidel alianguka akabaki.

Refa alikimbia, akainama, akamwinua kope. Kisha akasimama, akainua mkono kuelekea nyuma ya goli, akaupunga.

Alikuwa aiita ambulensi.

Uwanja mzima uligeuza shingo. Najib alishika ufunguo, hakuuzungusha. Alimtazama Gladys, Gladys akamtazama yeye, na wote wawili wakaona jambo moja: gari litafika kati ya uwanja, mlango utafunguliwa, na viti vitamwagika mbele ya Mtongwe na Changamwe na wapiga picha.

Ndipo Mzee Aidarus aliposimama.

Huyu ndiye kamishna, mtu wa Shirikisho, mzee safi wa kofia ya vito na koti lililopigwa pasi, aliyekaa kwenye turubai tangu mpira uanze akinywa kahawa. Mtaratibu kwa kauli, na watu wa mpira humwogopa kuliko wanavyowaogopa wanaopiga kelele. Alikuja akitembea kandokando ya uwanja bila haraka.

"Shikamoo, mzee," Gladys alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nifungulie nione."

Sasa hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Gladys aliuvuta mlango kidogo, upana wa mkono tu. Mzee Aidarus akachungulia. Aliona miguu ya viti, imepangwa vizuri, mpaka dari. Alivitazama kwa muda, kama mtu anayechagua.

Gladys alifumba macho akangoja. Alichosikia ni mlango ukifungwa taratibu, na aliyeufunga ni mzee mwenyewe.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, mzee."

"Basi hakuna. Funika kombe mwanaharamu apite." Akajipangusa vidole kwa leso. "Gari hili nimelipitisha mimi msimu mzima. Mwezi ujao nina uchaguzi wangu kule Shirikisho, na sikuja Mtongwe kuaibishwa na viti vya harusi. Mleteni huyo kijana hapa, watu wamuone akiingia ndani. Wakimuona ameingia, watatulia."

"Na hospitali, mzee?"

"Zimebaki dakika chache. Hospitali atakwenda na kombe lake."

Ndugu, ningependa kukuambia kwamba Gladys alibisha. Huyu sasa si wifi, ni ndugu yake, aliyembeba mgongoni wakati mama yao alipokuwa akiuza mahamri Mtongwe feri. Alifungua mdomo, ndiyo. Kisha akatazama ubao wa mabao, akaufunga.

Fidel aliletwa kwa machela. Wachezaji wa akiba waliombeba wakarudishwa kwenye benchi kabla hawajafika mlangoni. Mzee Aidarus akasimama na koti lake pana kuziba upande mmoja, Gladys akaziba wa pili, na Najib akamvuta Fidel ndani kama gunia, akamlaza sakafuni juu ya turubai lililokunjwa, viti huku na viti huku. Mashabiki walipiga makofi. Waliona mgonjwa, wakaona ambulensi, wakaridhika.

"Dada," Fidel alisema, "mbona pana giza?" Akatapika.

"Lala. Lala kidogo, mdogo wangu. Tumekaribia."

Akafunga mlango. Jua la Mtongwe lilikuwa bado kali, na bati la gari lile ukiligusa lakuchoma mkono.

Kreni waliposikia Fidel hayupo, walikuja wote. Walipiga mwamba. Wakapiga tena, na kipa wa Kasa, Kai, akaupangua kwa ncha za vidole. Waliokuwa wakimhurumia Vivian walikuwa wamekwisha kumsahau, wamepanda juu ya ukuta wakiomba kipenga. Gladys alitembea huku na huku kando ya mstari, na kila alipofika karibu na ambulensi aligeuka mapema.

Kipenga kikalia.

Kasa wamepanda Ligi ya Taifa. Watu waliruka ukuta, wakamwinua Gladys juu mabegani, yule yule meneja wa kupika chai, na akina mama wakampigia vigelegele mpaka masikio yakaziba. Na yeye alifurahi, nisimsingizie huzuni. Alilia kwa furaha. Kwa kitambo kile alimsahau Vivian, akamsahau Fidel, akamkumbuka baba yake tu.

Mzee Aidarus alichukua kipaza sauti. Aliipongeza Kasa kwa nidhamu. Akamtangaza Fidel Tinga kuwa Mfungaji Bora wa msimu, atakuja kupokea tuzo yake sasa hivi, inshallah, amepatwa na kizunguzungu tu. Kisha akatabasamu upande wa Gladys.

"Na katika tuzo za mwaka kule Shirikisho," alisema, "mimi mwenyewe nitalipendekeza jina la meneja huyu. Tuzo ya usalama wa wachezaji viwanjani. Leo sote tumeona kwa macho."

Makofi yakavuma. Wakati yakivuma, tuktuk ikaingia langoni.

Gladys aliiona kutoka juu mabegani mwa watu. Alimwona Bi Suad akishuka peke yake, buibui limegandamana chini kwa damu, ameshika furushi kifuani. Akawaambia watu wamshushe. Hawakumsikia. Ikabidi awapige kofi kichwani ndipo wamshushe.

Walikutana nyuma ya ambulensi, mahali pale pale.

"Vivian yuko wapi?" Gladys aliuliza.

Bi Suad alifunua furushi. Uso mdogo, mwekundu, umefumba macho, wapumua.

"Mtoto tumempata," alisema. "Mama tumemkosa."

"Hospitali wamesema nini?"

"Hospitali gani? Hata lami hatukuiona. Tulikwama kwenye mashimo, dereva akashuka kusukuma, mimi nampokea huyu kwenye kiti cha tuktuk, na damu ikakataa kusimama. Ingekuwa amelala, ingekuwa nina mahali pa kuweka mikono miwili, ningeizuia. Nimezizuia nyingi. Tumemlaza barazani kwa watu, pale pale njiani." Mkunga alimkinga mtoto uso na jua. "Alikuwa angali ameuma leso, Gladys. Nikamwambia lia mwanangu, hapa hakuna watu, lia utoe uchungu. Akatikisa kichwa. Akaniambia wifi yangu amesema nisipige kelele."

Gladys akashika bati la gari likamchoma, na hakuuondoa mkono. Hapo alilia kweli. Nakubali kwamba alilia kweli.

Lakini kule kwenye turubai kipaza sauti kikaita jina la Fidel Tinga, na wapiga picha wakaanza kujipanga. Gladys akajifuta uso kwa mkono ule uliochomeka.

"Bi Suad, nakuomba kwa jina la Mungu. Usimwambie sasa. Akabidhiwe tuzo yake kwanza, wampige picha, amengoja maisha yake yote. Baadaye nitamwambia mimi."

Bi Suad alimpandisha mtoto begani.

"Wewe nilikupokea mimi," alisema. "Kwa mikono hii, kule nyumbani kwa Masha, na ulizaliwa umekabwa na kitovu shingoni. Nilikifungua nikakupuliza pumzi. Wallahi, leo naujutia ule usiku. Mumewe yuwapi?"

Ndani ya gari kiti cha plastiki kilikwaruza sakafu.

Mlango aliokuwa ameulinda mchana kutwa ulifunguliwa kutoka ndani.

Fidel alisimama pale ameshika ukingo, paji la uso limevimba, jezi imelowa matapishi na jasho. Bati lile ni jembamba. Alikuwa amesikia kila neno.

Hakupiga kelele. Alishuka taratibu, na mguu wake ukakanyaga kandambili ya buluu. Aliiokota. Akaigeuza, akaliona ua la plastiki, lile alilolishona yeye mwenyewe kwa sindano lilipong'oka.

"Mwanamke wa Changamwe," alisema.

"Fidel, mdogo wangu, nisikilize."

"Mtoto ni mwanamke au mwanamume?" Alimuuliza Bi Suad, si yeye.

"Mwanamke, mwanangu."

"Mshike wewe. Huyu asimguse."

Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Mtongwe walilisimulia baadaye wakishusha sauti. Aliingiza mkono ndani ya ambulensi akatoa kiti. Akakiweka chini, akakisawazisha mchangani, akaiweka kandambili ya Vivian juu yake. Akatoa kiti cha pili, akakiweka kando ya kile. Akaendelea hivyo, kiti baada ya kiti, kwa mstari ulionyooka, akiyumba kidogo kila anapoinama. Mashabiki wa karibu walianza kunyamaza. Najib alitaka kumsaidia, akaona uso wake, akarudi nyuma.

Gari lilipokuwa tupu, Fidel aliupangusa mchanga kwenye kiti kilichokuwa karibu na kile chenye kandambili.

"Kaa, dada. Matanga yameanza."

Gladys akakaa. Miguu ilikaa yenyewe, yeye hakuiambia. Alimwona ndugu yake akiipapasa sakafu ya gari kwa kiganja, pale kati, mahali ambapo mtu mmoja angeweza kulala vizuri, amejinyoosha, na mwingine akapiga magoti kando yake.

"Palikuwa na nafasi," Fidel alisema. "Mngevitoa tu."

Akaufunga mlango. Akazunguka mbele, akapanda kwenye usukani. Ufunguo Najib alikuwa ameuacha pale pale. Injini ikakohoa, ikawaka, na taa ya buluu juu ya paa, ambayo Najib alikuwa akiapa kwamba imekufa, ikaanza kuzunguka.

Anakwenda kumchukua mke wake, Gladys alijiambia. Anakwenda kumchukua, na njia ya kutoka ni kulia, langoni.

Ambulensi ikakata kushoto.

Huko kushoto hakukuwa na lango. Kulikuwa na uwanja mtupu, na mwisho wa uwanja turubai jeupe, na chini ya turubai Mzee Aidarus ameupa uwanja mgongo, kombe mkononi, akiwaonyesha wapiga picha mahali pa kusimama.